Deni la Siku Mbili: Boris Karloff na Filamu ya Targets

Dawa ya deni ni kulipa, na mwaka 1967 mzee Boris Karloff alikuwa akidaiwa siku mbili. Mdai wake, Roger Corman, alikuwa mtayarishaji wa filamu za bajeti ndogo ambaye Hollywood ilimjua kwa sifa moja: hakutupa kitu. Mandhari ya filamu moja ikibaki imesimama, aliitumia kupigia nyingine. Mkataba ukibakiza siku chache za mwigizaji, alizidai. Karloff alikuwa anaukaribia umri wa miaka 80, mgonjwa na mchovu, lakini katika mkataba wake na Corman zilikuwa zimebaki siku mbili za kazi, na Corman hakuwa tayari kuzisamehe.

Deni hilo lingeweza kulipwa kwa filamu yoyote ya kulipua, na mzee akarudi nyumbani. Badala yake lilizaa Targets, filamu ya taharuki ya mwaka 1968 ambayo wachache waliiona ilipotoka, na ambayo hata leo wengi wanaoitambua sura ya zimwi la Frankenstein hawajawahi kuisikia. Inastahili kusimuliwa, kwa sababu vijana walioitengeneza walikuwa na kila kisingizio cha kumtumia mzee yule kama jina tu la kubandika kwenye bango, na hawakufanya hivyo.

Jina alilopewa Karloff na wazazi wake ni William Henry Pratt. Alizaliwa Camberwell, London, tarehe 23 Novemba 1887, katika familia iliyoitumikia dola ya Uingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, na katika ukoo wao ilikuwamo damu ya Kihindi. Kaka zake walishika njia ya utumishi wa umma, naye alitarajiwa kuwafuata. Mwaka 1909 akapanda meli kwenda Kanada, akabadilisha jina, na akajiunga na vikundi vya maigizo vilivyozunguka miji midogo. Kwa takriban miaka 20 aliishi maisha ya mwigizaji asiyejulikana, na nafasi zilipokosekana alibeba mizigo na kuendesha lori.

Umaarufu ulimfikia akiwa na miaka 43. Mwaka 1931 studio ya Universal ilikuwa inatafuta mtu wa kuigiza zimwi katika filamu ya Frankenstein, na mwongozaji James Whale akavutiwa na sura yake. Jack Pierce, fundi wa vipodozi, alitumia karibu saa nne kila siku kumgeuza: paji la uso pana, kope nzito, buti zilizomwelemea. Zimwi lile halikuwa na maneno ya kusema, na mwanzoni mwa filamu, pale majina ya waigizaji yanapoonyeshwa, mahali pa jina lake paliwekwa alama ya kuuliza. Hata hivyo watazamaji waliona ndani ya macho yale mtoto aliyepotea, wakamhurumia huku wakimwogopa. Baada ya hapo zikafuata The Mummy mwaka 1932 na Bride of Frankenstein mwaka 1935, na jina la Karloff likawa na maana ya hofu yenyewe.

Nje ya kamera alikuwa mtu mpole aliyependa kriketi na vitabu. Saa ndefu alizofanyishwa kazi akiwa amevaa uzito wa zimwi zilimfanya mwaka 1933 awe miongoni mwa waasisi wa chama cha waigizaji wa filamu Marekani, wakati ambapo kujiunga na chama kungeweza kumkosesha mtu kazi. Mwaka 1941 alipata mafanikio makubwa jukwaani Broadway katika Arsenic and Old Lace, akiigiza muuaji anayekasirika kila anapoambiwa kwamba anafanana na Boris Karloff. Baadaye nyota ikafifia. Studio ziliacha kupiga filamu za kutisha za aina yake, majumba ya kale na mapopo yakawa vitu vya kuchekesha watoto, naye akaendelea kukubali karibu kila kazi iliyokuja, kubwa kwa ndogo. Kufikia miaka ya 1960 mapafu yake yalikuwa yameharibika, baridi yabisi ilimtesa, na mguu mmoja ulihitaji kushikiliwa kwa vyuma. Sauti yake, hata hivyo, ilibaki na utamu wake. Mwaka 1966 watoto wa Marekani waliisikia kwenye televisheni ikiwasimulia How the Grinch Stole Christmas.

Corman alikuwa amemtumia mwaka 1963 katika The Raven. Kazi ilipokwisha, kasri la maonyesho likiwa bado halijabomolewa, alimwomba Karloff aongeze siku chache, akapiga vipande vya filamu nyingine ambayo hadithi yake ilikuwa haijakamilika. Vipande hivyo vikapitia mikono ya waongozaji kadhaa, akiwamo kijana Francis Ford Coppola, hadi ikatoka The Terror, ambamo Jack Nicholson, wakati huo hajulikani, anamkimbiza mwanamke wa ajabu ufukweni na kumkuta baroni mzee katika ngome. Matukio ya filamu hiyo hayashikani vizuri, na watazamaji wengi hutoka bila kujua nani alikuwa nani.

Mzigo huu ndio aliotwishwa Peter Bogdanovich. Alikuwa na miaka 28, mtoto wa wahamiaji kutoka Ulaya, na elimu yake ya filamu aliipata gizani mwa majumba ya sinema. Mjini New York alikuwa ameandaa maonyesho ya filamu za kale kwa ajili ya makumbusho ya sanaa ya kisasa, akawahoji waongozaji wakongwe kama Howard Hawks na Alfred Hitchcock, na kuandika katika jarida la Esquire. Alipohamia Los Angeles na mkewe Polly Platt, Corman alimpa kazi katika The Wild Angels ya mwaka 1966, na baadaye akamwita kwa pendekezo jipya. Hesabu yake ilikuwa hivi: chukua dakika 20 za Karloff kutoka The Terror. Mpige Karloff kwa siku mbili anazodaiwa, upate dakika nyingine 20. Kisha tumia siku 10 na waigizaji wengine kupata dakika 40. Jumla dakika 80, na hiyo ni filamu mpya ya Boris Karloff.

Kwenye karatasi hesabu ilikubali. Ugumu ulikuwa kwenye hadithi, kwani vipande vya The Terror ni vya baroni wa karne zilizopita katika ngome kando ya bahari. Ungeviingiza vipi katika filamu ya mwaka 1967, wakati televisheni za Marekani zilikuwa zikionyesha vita vya Vietnam kila jioni? Bogdanovich na Platt walijaribu kumfanya Karloff muuaji wa siku hizi, na kila jaribio likawa halina uhai. Katika kuhangaika huko Bogdanovich akatoa mzaha: filamu ianze na mwisho wa The Terror, kisha taa ziwashwe katika chumba cha maonyesho, na Karloff aonekane amekaa kando ya mtayarishaji akilalamika kwamba filamu waliyoitazama ni mbaya. Mzaha ule ukafungua njia. Karloff asingekuwa tena baroni wala muuaji. Angekuwa mwigizaji mzee wa filamu za kutisha, aliyechoka, anayetaka kustaafu.

Kwa nini astaafu? Jibu lilikuwa Austin, Texas. Tarehe 1 Agosti 1966, Charles Whitman, kijana wa miaka 25 aliyewahi kuwa mwanajeshi, baada ya kumuua mama yake na mkewe, alipanda mnara wa chuo kikuu cha Texas akiwa na sanduku la silaha. Kwa zaidi ya saa moja na nusu aliwadungua watu waliokuwa wakipita chini, akaua zaidi ya 10 na kujeruhi wengine wengi, hadi polisi walipomfikia na kumuua. Majirani walimfahamu kama kijana nadhifu, mwenye adabu. Marekani ilizoea kuamini kwamba zimwi hutambulika kwa sura, na hapa palikuwa na uso mzuri wa mtoto wa jirani.

Bogdanovich na Platt wakazisuka hadithi hizo mbili. Upande mmoja yupo Byron Orlok, mwigizaji mzee ambaye jina lake limetokana na yule mnyonya damu wa filamu ya Kijerumani Nosferatu ya mwaka 1922. Orlok anaona kwamba vitisho vyake vimepitwa na wakati, kwani magazeti yana habari za kuogofya kuliko filamu yoyote aliyowahi kuigiza. Upande wa pili yupo Bobby Thompson, kijana wa bima anayeishi na mkewe na wazazi wake katika nyumba safi ya viungani. Wanakutana bila kujuana mapema tu: Orlok anatoka kwenye chumba cha maonyesho, na ng'ambo ya barabara, ndani ya duka la silaha, Bobby anajaribu bunduki mpya na kumlenga kwa darubini yake.

Muswada ulipokuwa tayari, Bogdanovich aliupeleka kwa Samuel Fuller, mwongozaji mkongwe aliyepitia magazeti na vita kabla ya sinema. Fuller alikaa naye saa chache akiupangua na kuupanga upya, akitema mawazo bila kukoma, na akamshauri abane fedha kote ili azimwage mwishoni. Alikataa jina lake liandikwe, kwani alijua watu wangempa yeye sifa yote. Bogdanovich, aliyejipa mwenyewe nafasi ya mwongozaji kijana ndani ya filamu, akamshukuru kwa kumwita mhusika huyo Sammy Michaels, kutokana na majina mawili ya mwanzo ya Fuller.

Kisha muswada ukamfikia Karloff. Mzee aliusoma akaupenda kiasi kwamba siku mbili zikawa tano. Alikuja akiwa na vyuma mguuni, fimbo mkononi na pumzi fupi, akazishika sehemu ndefu za maneno, akafanya kazi hadi usiku. Palikuwa na tofauti moja kati yake na Orlok, nayo inaeleza ukubwa wa kazi aliyoifanya. Orlok ana uchungu na anaionea aibu kazi yake, lakini Karloff hakuwa hivyo. Maisha yake yote alilizungumzia zimwi la Frankenstein kama rafiki yake mkubwa, kwa kuwa ndilo lililompa riziki. Uchungu ule aliuigiza, na aliuigiza kwa ukweli uliowafanya wengi wadhani ni wake.

Filamu nzima iligharimu karibu dola 130,000, na ufinyu huo unaonekana kugeuzwa kuwa nguvu kila mahali. Platt alisanifu mandhari kwa akili ya mtu asiye na fedha ya kupoteza. Ulimwengu wa Orlok ni wa rangi za joto, kahawia na dhahabu. Nyumba ya akina Thompson ni ya rangi baridi na kuta tupu, nadhifu kiasi cha kukosesha raha. Mpiga picha alikuwa László Kovács, mkimbizi kutoka Hungaria ambaye mwaka 1956 alikuwa mwanafunzi mjini Budapest, akapiga picha za vifaru vya Kisovieti vikizima maasi, kisha akavuka mpaka na filamu zake. Mtu aliyekwisha kuona mtaa wa kawaida ukigeuka uwanja wa mauaji hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuupiga.

Mauaji ya kwanza yanatokea nyumbani, mchana kweupe. Usiku uliotangulia Bobby anajaribu kumweleza mkewe kwamba mawazo ya ajabu yanamjia, lakini mkewe anawahi zamu ya usiku. Asubuhi anampiga risasi anapomkaribia kumbusu, kisha anamuua mama yake, halafu anailaza miili vitandani na kutandaza taulo juu ya damu kama mtu anayesafisha sakafu. Hakuna muziki wa kutuambia tuogope. Katika filamu hii yote muziki unaosikika ni ule wa redio na televisheni za wahusika wenyewe. Hakuna pia maelezo ya sababu. Tunaona ukuta wenye picha yake akiwa na sare za jeshi, tunaona baba anayemwita kwa heshima ya kijeshi, tunaona muuza silaha anayemkabidhi risasi kwa tabasamu. Bogdanovich anatuachia hayo bila hukumu, na hilo ndilo linalotisha.

Kutoka hapo Bobby anapanda juu ya tangi la mafuta kando ya barabara kuu, anatandika silaha zake, anakula sandwichi, kisha anaanza kuyadungua magari. Kibali cha kupiga picha barabarani hakikupatikana, hivyo wakafanya kwa kujiiba, wakiwasiliana kwa redio za mkononi na madereva wao waliojichanganya na magari ya watu. Sauti haikurekodiwa pale. Iliundwa baadaye, mlio kwa mlio, na Verna Fields, mwanamke ambaye miaka michache baadaye angeshinda tuzo ya Oscar kwa uhariri wa Jaws.

Katikati ya filamu kuna dakika chache ambazo peke yake zingetosha kulipa deni la Karloff. Orlok amekubali shingo upande kuhudhuria maonyesho ya filamu yake, na mtangazaji wa redio amekuja hotelini na maswali ya kipuuzi. Mzee anapendekeza awasimulie kisa badala ya kujibu maswali. Kisa chenyewe ni cha kale, cha Mashariki ya Kati: mtumishi anakutana na Mauti sokoni Baghdad, anaona kama ametishiwa, anaazima farasi wa bwana wake na kukimbilia Samarra. Bwana anakwenda sokoni kuiuliza Mauti kwa nini ilimtisha mtumishi wake. Mauti inajibu kwamba haikumtisha. Ilishangaa tu kumwona Baghdad, ilhali usiku huo ina miadi naye Samarra. Kamera inamsogelea Karloff polepole bila kukatwa hata mara moja. Alikisimulia chote kwa mkupuo mmoja, na alipomaliza, mafundi waliokuwa wakimpiga picha wakampigia makofi.

Miadi ya Orlok iko Reseda, kwenye sinema ya magari. Msomaji wa Dar es Salaam anayeikumbuka Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966 mahali ambapo sasa pamesimama ubalozi wa Marekani, atapatambua mara moja: familia nzima imepanga magari mbele ya pazia kubwa, spika zimetundikwa dirishani, watoto wanabembea hadi giza liingie. Filamu inayoonyeshwa ni The Terror. Bobby amejificha nyuma ya pazia lenyewe, na kupitia tundu anawapiga risasi watu waliokuja kuogopa kwa raha. Kwa kuwa kila gari lina spika yake na vioo vyake, wengi hawajui kinachoendelea kwa jirani. Hofu inatambaa gari kwa gari, hadi honi zinapoanza kulia na magari yanapogongana yakitafuta mlango.

Katibu wa Orlok anapojeruhiwa, mzee anaanza kutembea. Hapa ndipo vipande vya Corman, vilivyokuwa mzigo, vinapopata kazi yake. Juu ya pazia Karloff wa The Terror anakuja akiwa na joho la baroni. Chini, Karloff wa kweli anakuja na suti na fimbo, akichechemea. Bobby anageuka huku na huku, hajui yupi ni yupi, anapiga risasi kuelekea picha. Mzee anampokonya silaha kwa pigo la fimbo na kumzaba kofi, na muuaji anajikunyata kama mtoto. Watazamaji wetu wamezoea kusema steringi hafi, na kwamba lazima mwishoni apigane na adui. Hapa steringi ana miaka 80 na anahema, na ushindi wake ni kuigundua sura ya kile alichokiogopa: kijana dhaifu asiye na chochote cha kusema isipokuwa kujivunia shabaha.

Studio ya Paramount iliinunua filamu kwa dola 150,000. Kabla haijatoka, Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968, na miezi miwili baadaye Robert Kennedy akapigwa risasi Los Angeles. Studio ikapata wasiwasi wa kuuza filamu ya mdunguaji katika nchi yenye msiba. Ilipotolewa Agosti, ilitanguliwa na maelezo ya kutaka silaha zidhibitiwe, kana kwamba mtazamaji asingeelewa mwenyewe. Wahakiki kadhaa waliisifu, lakini watu hawakwenda. Oktoba mwaka huo Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya kudhibiti silaha, na kufikia wakati huo Targets ilikuwa imekwisha kusahaulika.

Karloff aliendelea kufanya kazi. Mwaka huo huo alipiga vipande vya filamu nne za Kimeksiko za bei ya chini, akiwa anahitaji oksijeni kati ya pigo na pigo. Alifariki Uingereza tarehe 2 Februari 1969, akiwa na miaka 81. Vijana wa Targets nao walitawanyika kwenye umaarufu. Kovács alipiga Easy Rider. Bogdanovich, akiwa na Platt, alitengeneza The Last Picture Show ya mwaka 1971, iliyopata mapendekezo nane ya Oscar na kushinda mawili. Bogdanovich alifariki mwaka 2022, na Corman mwaka 2024 akiwa na miaka 98.

Sinema ina desturi mbaya kwa wazee wake. Huwaita kwa siku moja, huwavalisha nguo zao za zamani, huwaomba warudie ishara iliyowapa umaarufu, kisha huwalipa nauli. Corman mwenyewe hakuwa ameomba zaidi ya hapo. Bogdanovich na Platt walichofanya ni kumchukulia Karloff kama shahidi. Alikuwa ameutisha ulimwengu kwa miaka 36, hivyo wakamuuliza anaionaje hofu iliyomrithi, wakampa maneno ya kusema, kisa cha kusimulia, na mwishoni njia ya kutembea kuelekea kwa muuaji kwa miguu yake inayouma. Ndiyo maana filamu hii ya dola 130,000, iliyoungwa kwa mabaki na deni, inamheshimu kuliko filamu nyingi kubwa alizopewa katika enzi yake. Deni la siku mbili alilipa kwa siku tano, na aliyefaidika zaidi si Corman bali ni sisi tunaoitazama.